Hoki ya Jumamosi pale Forest Mpya: wazazi wa Mbeya wenye watoto wa mahitaji maalum someni kabla hamjaenda

Nimeulizwa sana wasap kuhusu hii hoki ninayompeleka kijana wangu Jumamosi, kwahiyo naona niandike mara moja kila mtu asome maana kujibu mmoja mmoja nimeshindwa. Ntasema mazuri na mabaya yote, sitaki mtu atoke Vwawa au Tukuyu na mtoto mgongoni alafu afike akute kitu ambacho hakukitegemea. Kwa kifupi nawapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoibana wanaijua wenyewe kwanini, nimeshawaambia uso kwa uso na hapa chini ntaielezea.

Kijana wangu ana usonji, ana miaka kumi na mbili, maneno yake ni machache ila ukimwambia kitu taratibu anaelewa karibu chote. Anapenda kukimbia na anapenda kitu kinachozunguka. Kabla ya hapa nilimpeleka akademi moja ya mpira hapa mjini, siitaji jina, wakapokea ada vizuri kabisa na kocha akaniambia mama usijali huyu ni wetu. Nikaja kugundua mtoto wangu kazi yake pale ni kushika chupa za maji. Wenzie wanacheza yeye kakaa na chupa, wakipumzika anawagawia, wakirudi uwanjani yeye anarudi kukaa. Nilipouliza nikaambiwa "mama, si unaona anafurahi?" Kweli alikuwa anatabasamu, lakini mimi sikulipia mtoto atabasamu akiwa amekaa, nililipia acheze. Nawaambia hili ili mjue napimia nini. Mimi sehemu ya michezo ya watoto wetu naipima kwa swali moja tu, mtoto amegusa mpira mara ngapi, na hapa kwenye hoki anagusa mpaka anachoka mwenyewe.

Sasa wengine mkisikia hoki mnadhani ni ile ya barafu, mnauliza Mbeya inatoka wapi. Barafu haipo jamani. Barafu yetu sisi ni ile inayoganda kwenye majani asubuhi kule Kitulo na Makete mwezi wa sita na wa saba, na hiyo jua likichomoza imeisha. Kwa jirani zetu Nairobi kuna kiwanja cha barafu pale hoteli ya Panari kilichofunguliwa 2005, ndiko walikoanzia wale vijana wa Kenya wanaojiita Ice Lions, ila huko ni mbali na sisi. Wanachocheza hapa ni floboli, hoki ya sakafuni, raba za kawaida miguuni, stiki ya plastiki na kimpira chepesi chenye matundu. Mchezo wenyewe ulikulia Sweden na Finland huko, shirikisho lao la dunia lilianzishwa 1986 na Sweden, Finland na Uswisi.

Lakini namna wanavyouendesha hapa, hiyo imetoka kwenye barafu moja kwa moja. Kocha mkuu wetu, dada mmoja mtulivu sana, alitukalisha wazazi akatueleza. Kule Toronto, Canada, mwaka 1994 ilianza timu ya hoki ya barafu ya watoto na vijana wenye ulemavu wa akili na ukuaji, usonji, Down sindromu (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa mwili na akili) na kadhalika, watoto ambao kwenye timu za kawaida hakuna aliyewachukua. Marekani chama chao cha namna hiyo kikaanza mwaka 2000. Wakubwa kwa wadogo wanachanganyika, mabinti na wavulana pamoja, na anayeanza anakuwa na mtu pembeni yake anayeteleza naye bega kwa bega. Asiyeweza kusimama kwenye barafu anapewa fremu ya kusukuma, anateleza nayo mpaka miguu izoee. Msichanganye na ile hoki ya Paralimpiki, mashindano ya dunia ya watu wenye ulemavu, ile iliyoingia Lillehammer kule Norway 1994, ile ni ya watu wenye ulemavu wa miguu wanakaa kwenye kisledi, kiti cha kuteleza kwenye barafu, na stiki mbili. Hii ninayosema mimi ni ya watoto ambao wengi miguu yao inafanya kazi ila mchezo wa kawaida una kasi kubwa, kelele nyingi, sheria nyingi, na hakuna anayewasubiri.

Hapa Forest wamechukua huo utaratibu wote wakauweka kwenye sakafu ya saruji, na wameuweka vizuri.

Niwape mfano wa fremu. Kuna kabinti kana mtindio wa ubongo, upande wa kulia umekaza, akitembea anavuta mguu na akikimbia anaanguka. Wamemchukulia kiti cha plastiki, hivi hivi vya kwenye masherehe, wamekifunga vipande vya raba ya tairi la ndani miguuni kisiteleze kupita kiasi, na stiki yake wameifunga kwa mpira wa manati kwenye mkono wa kushoto. Anasukuma kiti kwa kifua na mkono wa kulia, kushoto anapiga. Sheria aliyowekewa ni kwamba yeye akifika kwenye mpira wengine wanasimama hatua moja nyuma mpaka apige. Wanasimama kweli! Nimeona kijana mkubwa ana mwili wa dereva wa lori amesimama, stiki chini, anamsubiri yule mtoto ajipange na kiti chake, hana haraka hata kidogo. Akapiga, mpira ukaenda kombo, mchezo ukaendelea. Hakuna aliyepiga makofi ya huruma, na mimi hilo nalipenda sana, makofi yanapigwa goli likiingia kama kawaida.

Vifaa sasa. Mpira wa floboli ni gramu 23 tu, upana milimita 72, una matundu 26, ni kitu chepesi mno. Ile paki ya hoki ya barafu, kile kisahani wanachopiga badala ya mpira, ni raba ngumu ya gramu kama 170 na kabla ya mechi wanaigandisha isidunde, sasa hiyo ikimpata mtoto mdomoni ni hospitali. Hiki kimpira kimempata kijana wangu shavuni, akashangaa, akajishika, akaendelea. Alafu kina sauti, kikibingirika kwenye saruji kinaunguruma kidogo kwa ajili ya yale matundu, na mtoto mmoja mwenye uoni hafifu anakifuata kwa hiyo sauti zaidi ya macho. Stiki wanazo za aina mbili, za dukani ambazo nasikia zililetwa na wageni, na za kutengeneza hapa hapa, fundi amekata bomba la maji la plastiki akapasha moto mwisho akalipinda akalibana bapa. Nilidhani za bomba zitakuwa mbaya. Kwa watoto wadogo ni nzuri kuliko za dukani maana wanazikata urefu wanaotaka, stiki inatakiwa ifike kwenye kitovu hivi mtoto akisimama, za dukani nyingi ni ndefu kwa watoto wa miaka saba nane. Ubaya wa bomba ni kwamba likipasuka linakuwa na ncha kali, kwahiyo kabla hawajaanza kuna msaidizi anapitisha kidole kila stiki moja moja, iliyopasuka inawekwa nje. Nimemwona anafanya hivyo kila nikienda, hajawahi kuruka.

Kuta za pembeni ni mabenchi yamelazwa ubavu. Kiwanja halisi cha floboli ni mita 40 kwa 20 na kinazungushiwa ubao wa nusu mita, hapa ukumbi ni mdogo, wanacheza watatu watatu na golikipa. Na watatu ndio wanaofaa. Watoto wetu wengi wakiwa sita ndani wanapotea, hajui amfuate nani, wakiwa watatu anaona kila mtu.

Golikipa ndio nafasi ninayotaka niielezee zaidi. Kwenye floboli golikipa hana stiki, anacheza amepiga magoti, anazuia kwa mwili na mikono. Sasa pale kuna binti wa miaka kumi na tano hivi, ana Down sindromu, mnene mnene, mpole, kukimbia anachoka haraka sana. Watoto wenye hali hiyo misuli yao ni legevu toka kuzaliwa na karibu nusu yao wanazaliwa na shida ya moyo, kwahiyo kumlazimisha akimbie huku na huku ni kumwonea. Wamemweka golini. Wamemshonea magoti ya sponji ya godoro yakafunikwa na turubai, kofia ngumu yenye wavu usoni, na glavu za bustani. Yule binti akishapiga magoti pale anabadilika. Anapanga kwanza mikono yake, kulia, kushoto, anagusa nguzo ya kulia, anagusa ya kushoto, alafu anasema kwa sauti "HAPITI MTU". Hawaanzi mpaka aseme. Mama yake ananiambia nyumbani anafua yale magoti mwenyewe Ijumaa jioni anaanika, hataki msaada. Bibi yake alikuja siku moja kutoka Tukuyu, akakaa kimya muda wote, mwisho akamshika kocha mikono miwili akasema "ndaga fijo mwanangu, ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akashindwa kuendelea. Na mimi machozi yalinitoka, siwezi kuficha.

Na kwa wenye watoto wa Down sindromu zingatieni hili, kabla hawajampokea mtoto wanataka karatasi ya daktari ya moyo na ya shingo. Kuna mama alikasirika akaona anazungushwa. Hazungushwi. Baadhi ya hawa watoto mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo inakuwa imelegea, akigongwa vibaya au akipinda kichwa kwa nguvu anaweza kuumia uti wa mgongo, kwahiyo lazima ijulikane mapema. Sehemu isiyouliza hilo mimi ndio ningeiogopa. Mwenye kifafa pia wanataka kujua dawa anakunywa saa ngapi na kama ameikosa jana yake. Na kugongana hakuruhusiwi kabisa, kwenye hoki ya barafu ya wakubwa wanabamizana ukutani, hapa hata kusukuma kwa bega ni mchezo unasimama, na stiki ikipanda juu ya kiuno mchezo unasimama.

Sasa kwa wenye watoto wa usonji, hapa ndio penyewe niliponunuliwa mimi. Siku za mwanzo kocha msaidizi alipuliza filimbi, kijana wangu akaziba masikio akalala chini uso sakafuni. Nikajua tumeshamaliza hapa nikaanza kukusanya begi. Yule dada kocha mkuu akaja akachuchumaa, hakumgusa, akaniambia taratibu "mama naomba usimwinue, tumwache yeye ndio atuambie." Akaenda akachukua filimbi kwa mwenzie akaiweka mfukoni kwake, na toka siku hiyo filimbi hakuna. Wanatumia vitambaa, kijani ni cheza, chekundu ni simama, wanakiinua juu na wasaidizi wote wanainua mkono hewani. Watoto wote wakazoea, hata wale ambao filimbi haikuwa na shida kwao. Hakuna aliyesema mtoto mmoja asitusumbue wote, walibadilisha tu wakaendelea na kazi.

Alafu kuna kamba ukutani imetundikwa kadi za michoro kwa vibanio vya nguo. Mchoro wa viatu, mchoro wa kukimbia kuzunguka koni, mchoro wa stiki na mpira, mchoro wa goli, mchoro wa kikombe cha uji, mchoro wa nyumba. Kila hatua ikiisha mtoto mmoja anaenda kuchomoa kadi anaitia kwenye ndoo. Mpangilio ni ule ule kila Jumamosi, haubadiliki. Kijana wangu ambaye nyumbani ukimwambia tunaondoka ni vita, pale akiona imebaki kadi ya nyumba anaenda mwenyewe kuvaa sweta. Nimeiga nyumbani, nimechora kadi zangu kwa kalamu kwenye boksi la sabuni, asubuhi ya shule imekuwa nyepesi kuliko zamani. Hicho peke yake kwangu kingetosha kulipia.

Bei ni elfu tano kwa Jumamosi, uji na ndizi mbivu humo humo, na ndugu mmoja wa mtoto anaingia bure na anacheza. Hiyo ya ndugu msiidharau. Dada mdogo wa kijana wangu alikuwa anaona aibu na kaka yake mtaani, saivi anacheza naye timu moja na ndiye anayemfundisha kurudisha pasi. Kama huna elfu tano ongea nao pembeni, najua mama anayelipa kwa kuja kupika uji, na hawamwangalii kwa jicho tofauti.

Haya sasa mabaya, na ni ya kweli.

La kwanza wanachelewa. Tangazo linasema saa tatu asubuhi, mkifika saa tatu funguo ya ukumbi haijafika, anayeishika anatoka Uyole na daladala ya asubuhi ikijaa ndio hivyo tena. Kwa mtoto wa kawaida nusu saa ya kusubiri nje ni kitu kidogo, kwa mtoto wangu nusu saa ya kusubiri mlango uliofungwa ndio siku imeharibika, umemwambia mchezo na mchezo haupo, anaanza kuzunguka, anaanza kujipiga. Kuna siku tuligeuza tukarudi nyumbani kwa bajaji huku analia njia nzima kutoka pale mpaka Mwanjelwa. Watu walioweza kuondoa filimbi kwa ajili ya mtoto mmoja wanashindwaje kuchonga funguo ya pili? Nimewaambia, wamekubali, mpaka naandika hii bado. Hiyo ndio nyota niliyoibana na ntairudisha siku nikikuta mlango uko wazi saa tatu kamili.

La pili choo. Kiko nje nyuma ya ukumbi, ngazi tatu kwenda juu, hakuna pa kushika. Yule kabinti wa kiti cha plastiki anabebwa. Ana miaka tisa saivi, akiwa na kumi na tatu nani atambeba? Ukumbi si wa kwao wamekodi, naelewa, lakini mbao mbili na misumari vinatosha kuweka njia ya mteremko na mwenye ukumbi sidhani kama atakataa akiombwa. Nchi yetu imeridhia ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu toka 2009 na kifungu cha 30 kinataja wazi michezo na mapumziko, na sheria yetu wenyewe ya watu wenye ulemavu ni ya 2010. Kwahiyo wenye kumbi, wenye viwanja, choo chenye ngazi tatu si jambo la kumwachia mama mwenye mgongo unaouma.

La tatu mvua. Ukumbi ni wa bati bila dari. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mvua ikishuka toka mlima Loleza hapo ndani husikii hata unachojisemea mwenyewe, na watoto wa usonji karibu wote wanaziba masikio kwa pamoja. Wana hedifoni za kuzuia kelele lakini ni chache, hazitoshi, wanagawiwa wale walioshikwa zaidi. Kama una uwezo mnunulie mtoto za kwake, hata zile za mafundi wa kukata vyuma zinafaa, mimi nilizipata duka la vifaa vya ujenzi. Mwezi wa sita na wa saba ni kinyume chake, hakuna kelele ila saruji ni baridi kama chuma, golikipa akikaa magotini muda mrefu anaganda hata na sponji. Wanambadilisha mapema mapema, ila kapeti la plastiki pale golini lingesaidia.

La nne ni wasaidizi. Wengi ni wanafunzi wa vyuo vya hapa mjini wanaojitolea, ni vijana wazuri sana, wanaamkia wazazi, wanaongea na watoto kama watu. Lakini vyuo vikifunga wanarudi kwao, na hapo msaidizi mmoja anajikuta na watoto watatu, na mtoto anayekimbilia mlangoni anahitaji wake peke yake. Kipindi hicho uliza kwanza kwenye grupu kabla hujatoka nyumbani, na kama mtoto wako ni wa kukimbia kaa ukumbini usiondoke kwenda sokoni. Kuna wazazi wanawashusha watoto wanaenda Kabwe kufanya shoping wanarudi mchana. Jamani, tukae, angalau kwa zamu. Mimi siku hizi nasimama mlangoni mwenyewe, nimejipa hiyo kazi.

Watu wameniuliza pia kama huu mchezo unampeleka mtoto popote au ni kumshindisha tu Jumamosi. Unampeleka. Special Olympics, ile ya watu wenye ulemavu wa akili aliyoianzisha Eunice Kennedy Shriver, mashindano yake ya kwanza kabisa pale Chicago mwezi wa saba 1968 hoki ya sakafuni ilikuwemo tayari. Ile ya kwao ya zamani walikuwa wanatumia duara la kitambaa kigumu lenye tundu katikati na fimbo isiyo na ubapa, unachomeka fimbo kwenye tundu unaliburuza. Floboli hii yetu ilijaribiwa kwenye mashindano yao ya majira ya baridi PyeongChang Korea Kusini 2013, alafu Austria 2017 ikawa mchezo kamili. Yaani fikiria, mashindano ya majira ya baridi, ya theluji, lakini floboli inachezwa ukumbini sakafuni, kwahiyo mtoto wa nchi isiyo na theluji naye ana mlango wa kuingilia. Kushindana wanaanza miaka minane, na timu zinapangwa kwa uwezo, wenye uwezo unaolingana wanakutana wenyewe kwa wenyewe. Special Olympics Tanzania ipo. Kocha anasema hawaharakii, kwanza watoto wajue kurudi nyuma kulinda goli, na mimi nakubaliana naye kwasababu wa kwangu akishavuka katikati harudi, anamfuata golikipa wa wenzie anaenda kumkumbatia.

Nani asiende? Mtoto mwenye kifafa ambacho bado hakijatulia, subirini dawa zikae sawa. Mtoto anayekula vitu vidogo vya sakafuni, mwambieni kocha kabisa maana vibanio vya kadi vinadondoka. Na mzazi anayetaka mtoto atulizwe ili yeye apumzike tu, atasumbuana nao, wanataka uwepo, wanakuuliza maswali mengi ya mtoto wako, analala saa ngapi, anaogopa nini, akikasirika anafanyaje, na majibu wanayaandika kwenye daftari, na Jumamosi inayofuata unaona wameyatumia. Mimi hospitali na shule nimeulizwa maswali mengi ya mwanangu ila mara chache nimeona jibu langu limetumika.

Kufika ni rahisi, bajaji kutoka Mwanjelwa au Kabwe mwambie Forest Mpya, ukifika ulizia hoki ya watoto, bodaboda wa pale wote wanaijua ingawa kibao hakuna. Wanaotoka Uyole na Tukuyu shukeni Mafiati mchukue bajaji. Wa Iringa na Njombe mlionitumia meseji, kwenu sijaisikia, lakini kocha amesema yuko tayari kuja kuonyesha walimu wa kitengo cha elimu maalum kama shule itatoa darasa moja kubwa na mabenchi, stiki za bomba fundi anatengeneza hapa hapa. Mje na raba zisizo na vidato vikali, sweta, chupa ya maji yenye jina la mtoto, nguo ya kubadilisha, na karatasi ya daktari kama nilivyosema. Siku ya kwanza msimlazimishe kuingia. Wa kwangu alianza kwa kukaa chini ya meza ya uji anaangalia miguu ya wenzie inapita, wakamsogezea kimpira kimoja pale pale chini ya meza, akawa anakizungusha, wakati kadi ya goli inachomolewa akatoka nacho mkononi. Msaidizi akampa stiki bila kusema kitu, akaipokea.

Na kama kuna mtu ana fundi wa kuchonga funguo wa bei nzuri pale Sokomatola anitumie namba, nimeshaamua hiyo ya pili nailipia mimi, wiki hii hii.